Nyumba ya marehemu Mzee

Bukoba

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku ni wazima, na mama hajambo isipokuwa magoti. Najua kimya kimekuwa kirefu, na lawama nitazipokea tukionana. Leo nina shida.

Tumekubaliana kuipanua nyumba ya marehemu Mzee: vyumba viwili na choo cha ndani upande wa migomba, ili mama asitoke nje usiku, kisha sebule iongezwe kwa kuvunja ukuta unaoitenga na chumba cha Bibi. Choo hakina ubishi. Ubishi uko kwenye ukuta huo. Kaka anasema ni wa tofali za kuchoma, mnene, umesimama tangu hatujazaliwa, na fundi anaitikia kila neno kwa kuwa Kaka ndiye anayemlipa. Lakini wewe unaijua ile nyumba: tofali zimejengewa udongo badala ya saruji, lenta, ule mkanda wa zege juu ya kuta, haikuzunguka, na kenchi za paa zimekalia ukuta huohuo.

Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilituonyesha nyumba za namna hii zinavyoanguka. Hata shule yetu ya Ihungo uliiona ilivyoharibika. Ya Mzee ilibaki na ufa penye pembe ya jikoni. Kaka akauziba kwa ripu ya saruji na kuutangaza kuwa umepona. Masika yalipokuja ripu ilibanduka, ufa ukatuchungulia tena.

Ninachotaka mimi ni nguzo za zege na boriti vitangulie, ndipo ukuta uguswe; na jengo jipya liwe na msingi wake, liachiwe nafasi ndogo linapokutana na la zamani, kwa sababu msingi mpya utashuka kidogo ilhali wa zamani umekwisha kutulia. Fundi anataka tofali mpya ziume ndani ya zile za zamani. Nilipompinga alicheka, akaniuliza kama siku hizi walimu wa historia wanafundisha ujenzi.

Kaka hanisikii, ila wewe uliyesomea ujenzi atakusikia. Isitoshe, bado anakuogopa tangu ile habari ya pikipiki. Je, unaweza kufika kabla hawajashika nyundo? Nguzo zichimbiwe msingi wake, au zikae juu ya mawe ya zamani? Boriti ya mita nne inataka nondo za unene gani? Kibali cha manispaa tukiombe kwa vyumba vipya tu, au na ukuta tuutaje? Na nauli ya meli kutoka Mwanza, nikutumie kwa simu au nikurudishie ukifika?

Wako wa siku zote,
Mwalimu