Kwa vijana wa baraza ya Mkunguni, juu ya ugomvi wenu wa vitabu

Wanangu na wajukuu zangu,

Salaam aleikum. Juzi baada ya alasiri nilikuwa nanywa kahawa yangu, mgongo nimewapa, nikawasikia mkibishana. Mmoja akasema shairi lisilo na vina ni guni, litupwe. Mwingine akamjibu kwamba tungo za zamani ni za wazee, kijana hazimwambii kitu. Niliondoka kimya, maana kosa hilo nililitangulia mimi.

Nilipokuwa nasomesha, mwanafunzi mmoja aliniletea shairi la kufiwa na babake baharini. Halikuwa na kina hata kimoja. Nikaandika GUNI kwa wino mwekundu, nikamrudishia. Hakuniletea jingine. Mashairi mengi yenye vina safi niliyoyasahihisha mwaka ule nimeyasahau, ila yale maneno yake juu ya kanzu ya babake iliyobaki kambani siku tatu, hakuna aliyethubutu kuianua, ninayo mpaka leo.

Wajapani wana shairi la mistari mitatu: mizani tano, saba, tano. Vina hakuna. Mshairi wao Bashō alitunga moja mwaka 1686: kidimbwi cha kale, chura anajirusha, mlio wa maji. Basi. Ukilipima kwa kipimo cha Muyaka, mshairi wetu wa kale wa Mombasa, utasema mtunzi aliishiwa wino. Lisome usiku, mji umelala, unasikia mashua zikigongana gatini. (Na silabi zao nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Jaribuni kulisoma kwa Kijapani chenyewe, ulimi hautawasumbua sana.)

Sasa wewe wa tungo za wazee. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika shairi lake Al-Inkishafi anatuingiza ndani ya majumba ya mji wa Pate yaliyokwisha kuporomoka: zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zilizopangwa vyombo, sasa makinda ya ndege yamelala humo, na bundi analia katikati ya nyumba. Nenda nyumba yoyote ya kale pale mtaa wa Mkomani, utie mkono ndani ya kidaka kitupu. Utautoa na vumbi la chokaa. Huko Uingereza, mwaka 1818, mshairi Shelley alichapisha mistari 14 juu ya sanamu ya mfalme wa Misri iliyovunjika jangwani, imebaki miguu, uso uliozama mchangani na maneno ya kujigamba. Huyu alifukuzwa Oxford mwaka 1811 kwa ajili ya kijitabu cha kukana kuwapo kwa Mungu. Sayyid Abdalla ni sharifu anayeuonya moyo wake na akhera. Msikimbilie kuniambia ni kitu kimoja. Shelley anamtazama mfalme wa watu wengine kutoka mbali. Sayyid Abdalla anausema moyo wake mwenyewe, na magofu ni ya jamaa zake.

Nawe binti uliyetaka utenzi wa Mwana Kupona uondolewe kwa kuwa humo anamfunza bintiye utiifu kwa mume: gombana naye, una haki. Ila ujue unagombana na mama mgonjwa wa mwaka 1858, aliyekuwa akimwachia bintiye, Mwana Hashima, maneno, na hakuishi sana baada ya hapo. Msome kwa sauti, utenzi haukuandikiwa macho.

Ijumaa nitakuja, inshallah, na halwa, na nakala yangu ya Al-Inkishafi iliyoliwa na mchwa pembeni. Mmoja wenu alete lile la chura. Na mwenye shairi lisilo na vina mfukoni asilifiche. Kalamu nyekundu nitaiacha nyumbani.

Ni mimi mwalimu wenu mstaafu,
Langoni, Lamu