Dada, usiupigie simu ubalozi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mno kusoma kwamba umempa chumba yule mama aliyevuka mpaka na wanawe. Mungu akuzidishie. Ila kuna jambo limenishtua, ndiyo maana nakuandikia usiku huuhuu. Unasema mmepanga kuupigia simu ubalozi wa nchi yake ili apate karatasi, na kwamba mwanao ataweka picha yake mtandaoni watu wamchangie. Nakusihi, yote mawili msiyafanye.

Mtu aliyekimbia kwao hana serikali ya kumlinda. Pengine ni hiyohiyo serikali anayoikimbia. Mkiupigia simu ubalozi, mmekwisha kuwaambia alipo. Picha nayo haina mpaka: itawafikia waliomfukuza, na wakimkosa yeye watawageukia ndugu aliowaacha nyuma. Huku ninakofanya kazi ya ukalimani kwa waomba hifadhi, jambo la kwanza tunalofundishwa ni kwamba yanayosemwa ndani ya chumba cha mahojiano hayatoki nje. Nimeona watu wakigoma kufungua kinywa mpaka wahakikishiwe mkalimani hana uhusiano na watu wa kwao.

Anachohitaji sasa ni kuandikishwa. Msindikize hadi ofisi ya serikali inayoshughulikia wakimbizi, au kwa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kama wapo karibu. Asiogope kwamba aliingia bila pasipoti. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja kwenye hatari, ajitokeze mapema na aeleze sababu. Kifungu cha 33 ndicho nguzo ya yote: asirudishwe mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini. Blanketi na unga vinaonekana, kwa hiyo watu hudhani huo ndio msaada wote. Mimi naona asiyerudishwa amepewa kikubwa kuliko vyote.

Waafrika tuliongeza letu mwaka 1969, katika mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Humo mkimbizi si yule tu anayeandamwa yeye binafsi. Hata aliyekimbia uvamizi kutoka nje au machafuko makubwa kwao anahesabiwa. Mkataba huohuo unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na utu, na nchi nyingine isilichukulie kama uadui. Napenda sana maneno hayo.

Siku ya mahojiano aingie peke yake, hata kama shemeji yake atataka kumsemea. Ana haki ya kuomba ahojiwe na mwanamke, na mkalimani awe mwanamke pia. Wako kina mama walionyamazia mambo mazito kwa sababu ndugu wa kiume alikuwa amekaa pembeni, na kesi zao zikadhoofika kwa ajili hiyo. Na akitokea mtu wa kumwahidi kumpeleka Ulaya au Marekani kwa malipo, mfukuzeni. Huduma za UNHCR, kuanzia uandikishaji hadi kuhamishiwa nchi ya tatu, yaani si kwao wala si hiyo aliyokimbilia, ni bure.

Manung'uniko ya majirani uliyoniandikia siyashangai. Zaidi ya theluthi mbili ya wakimbizi duniani wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako wenyeji nao foleni ya zahanati inawachosha. Kisima kikichimbwa kwa ajili ya wakimbizi, wenyeji nao wachote. Hilo mkalisemee kwenye mkutano wa kijiji bila woga, kwa sababu wanaodai hivyo wana haki. Ila msikubali hasira hiyo imwangukie mama wa watu.

Na yule mtoto uliyeniandikia kwamba mama huyo alimchukua njiani, amtaje wakati wa kuandikishwa kwamba si wake wa kumzaa. Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta wazazi waliopotezana na watoto, na bila kutajwa hatatafutwa.

Nifikishie shikamoo kwa wazazi. Wakimpa tarehe ya mahojiano, nijulishe mapema ili nimweleze kwa simu atakayoulizwa.

Mdogo wako akupendaye