Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Kukusanya Takwimu za Meno kwa Simu, Usa River, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Halmashauri yetu,
Ndugu Mratibu wa Huduma za Afya ya Kinywa na Meno,
Wakufunzi wetu, walimu wakuu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunakusalimu kwa heshima. Tunamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wa kikundi ambacho hata jina la kudumu bado hakijajipatia.

Sisi ni matabibu wa meno, wauguzi na vijana waliomaliza kidato cha sita. Kwa wiki sita tumejifunza kufanya utafiti wa afya ya kinywa na meno mashuleni kwa kutumia simu badala ya makaratasi. Nusu yetu ni wachunguzi, wanaotazama kinywani. Nusu ni waandishi, wanaoshika simu. Kila mwalimu mkuu ametuuliza kwa nini kazi ya mtu mmoja inafanywa na wawili, na mimi kama katibu naomba nijibu hapa mbele ya wote.

Mchunguzi amevaa glovu. Mkono mmoja una kioo kidogo, mwingine una kifaa chembamba chenye chembe ya duara ya nusu milimita kwenye ncha. Akigusa simu, mate ya mtoto wa kwanza yanabaki kwenye simu na kumsubiri mtoto wa pili. Kwa hiyo yeye hutaja, mwenzake hubonyeza. Siku ya kwanza, chini ya mgrivilea, mchunguzi wetu alitaja: "Moja moja, moja." Alikuwa na maana kwamba jino la 11, lile la mbele juu upande wa kulia, lina alama 1, yaani limeoza. Mwandishi akaelewa meno matatu mfululizo yameoza, na mtoto wa watu akapewa mashimo mawili asiyokuwa nayo. Tangu siku hiyo tunasema "jino kumi na moja, hali moja", na mwandishi hurudia kwa sauti kabla ya kubonyeza. Watoto wanaosubiri zamu wameshaushika wimbo huo, wanatuigiza mapumzikoni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, alama hizo si zetu. Zimo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, toleo la tano la mwaka 2013. Jino zima la ukubwani ni 0, lililong'olewa kwa kuoza ni 4, ambalo halijaota ni 8. Meno ya utotoni yana herufi: A zima, B limeoza. Mtoto wa miaka 12, umri ambao mwongozo unautumia kulinganisha nchi na nchi, anaweza bado kuwa na ya aina zote mbili kinywani. Kwenye karatasi mtu huandika 0 palipotakiwa A, na kosa linagunduliwa miezi mitatu baadaye mbele ya kompyuta, mtoto ameshahama shule. Programu tuliyojifunza inauliza kwanza: la utotoni au la ukubwani? Kisha inakuonyesha alama za jino la aina hiyo tu. Ukiruka jino, haikuruhusu kuendelea.

Programu yenyewe ni ya bure, ya ukoo wa ODK, yaani programu za kukusanya takwimu kwa simu, ulioanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008. Waliovaa vizibao vya Sensa ya mwaka 2022 hawakupata shida kuielewa, kwani walishazoea vishikwambi. Tofauti ni kwamba sasa tunahesabu magego. Haihitaji mtandao wakati wa kazi. Fomu hukaa ndani ya simu, nasi tukishuka jioni kutoka shule za juu karibu na msitu wa Meru na kufika barabara kuu, ndipo zinapotumwa kwenye seva moja baada ya nyingine.

Sasa nifike kwenye floraidi, madini ya majini ambayo yakizidi hubadilisha rangi ya meno ya mtoto. Wewe ni mwenyeji wa huku, huhitaji kuambiwa kwa nini watoto wetu hufunika mdomo wakicheka. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Meru hubeba floraidi, na vyanzo vingi vya ukanda huu vina zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe. Meno yaliyobadilika rangi tunayapima kwa kipimo cha Dean, kuanzia 0, jino la kawaida, hadi 5, lililoathirika vibaya. Unatazama meno mawili yaliyoathirika zaidi; yakitofautiana, unaandika alama ya lile lenye nafuu. Karibu wote tulikuwa tukiandika ya lile baya, kwa huruma nadhani. Sasa mwandishi anaingiza yote mawili na simu inachagua yenyewe.

Fomu tuliyoikuta iliuliza maji ya kunywa tu. Mama mmoja mpishi wa shule, aliyesimama nyuma yetu na mwiko mkononi, akauliza: "Na magadi je? Makande haya mnadhani yanaivaje?" Alikuwa sahihi, magadi nayo huwa na floraidi. Jioni ile ile tuliongeza swali la magadi, na asubuhi simu zote zilikuwa nalo. Ingekuwa karatasi, tungeambiwa tusubiri utafiti mwingine.

Neno lililotusumbua zaidi lilikuwa "mswaki". Mtoto akiulizwa anasafisha meno kwa kutumia nini, anajibu mswaki, na mwandishi anaweka tiki. Kumbe mmoja ana maana ya ule wa dukani, mwingine ule wa mti aliokata njiani asubuhi. Hiyo fomu ilitafsiriwa na mtu ambaye hakuuliza. Tumeweka picha mbili, mtoto anagusa yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, simu inakataa kosa la kidole. Kosa la jicho haijui. Wachunguzi wawili wanaweza kutazama jino la 36 lile lile, yaani gego la chini kushoto, mmoja akaona doa, mwingine akaona tundu, na simu ikapokea yote kwa adabu. Ndiyo maana siku tatu nzima zilikwenda kwenye kulinganisha macho. Makubaliano yetu yalipimwa kwa kappa, kipimo cha kitakwimu ambapo 1 ni kukubaliana kabisa na 0 ni kukubaliana kwa bahati tu. Alama za siku ya kwanza naomba zibaki kwa wakufunzi. Mwongozo unataka pia watoto 5 hadi 10 katika kila 100 wachunguzwe mara ya pili. Simu ndiyo inayowachagua, maana sisi tungechagua wale wapole.

Mikosi haikukosekana. Simu moja ilizimika kwa kuisha chaji, na ilipowaka tarehe yake ilikuwa ya mwaka 1970. Programu ilihesabu umri kwa tarehe hiyo, na darasa la sita lote likawa halijazaliwa. Ikawakataa wote. Asubuhi nzima tulilaumu programu. Siku nyingine mwenzetu alituma picha ya kinywa cha mtoto kwenye kundi letu la WhatsApp, akiomba ushauri wa alama, na uso ulionekana nusu. Nia ilikuwa njema, lakini tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nia njema haitoshi, na kwa mzazi haikutosha hata kabla ya sheria. Picha ilifutwa. Sasa mtoto ni namba, na simu ya kazi haina WhatsApp.

Tuna maombi matatu. La kwanza, simu hizi na pawabanki zake zibaki katika kituo cha afya, zisirudi kwenye kabati la mradi. La pili, matokeo ya kila shule yarudi shuleni na yabandikwe ubaoni. Baba mmoja alituambia, "Mmekuja tena kuhesabu," na tulipouliza waliotangulia walileta majibu gani, alicheka tu.

La tatu ndilo zito. Fomu ina sehemu ya mtoto mwenye maumivu au usaha, anayehitaji tiba upesi. Kila alama ya pale ni mtoto ambaye tulimfunga mdomo kwa upole na kumrudisha darasani na karatasi ya rufaa mfukoni. Baadhi ya wazazi wamekwenda kliniki wakaambiwa warudi wiki ijayo. Tunaomba watoto hawa wapangiwe siku yao maalumu ya matibabu mwezi huu. Orodha, kwa namba na kwa shule, imo katika bahasha hii.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuiwasilisha mkononi mwako.

Ahsante kwa kutusikiliza.