Mkono wa roboti: msianze na mota

Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa sayansi kuhusu vijana wanaojiundia roboti za mashindano niliisoma yote, na hongera kwa kuichapa. Ila kuna ushauri mmoja siwezi kuunyamazia. Mwandishi amewaambia wasomaji watafute kwanza mota kubwa kadiri uwezo unavyoruhusu, kisha wafunge mkono wa chuma. Mimi ni fundi wa mashine na mlezi wa klabu ya roboti. Mkono wa namna hiyo huchoka kujiinua wenyewe kabla haujagusa mzigo.

Tupige hesabu. Mzigo ni gramu 200, na kutoka begani hadi kwenye koleo ni sentimita 40. Mkono ukinyooshwa, mzigo peke yake unadai toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya kilo-sentimita 8 begani (kilo 0.2 mara sentimita 40). Koleo na servo yake (mota ndogo yenye gia inayogeuka hadi pembe inayoamriwa), tuseme gramu 100, zinaongeza 4. Servo ya kiwiko ya gramu 55 iliyokaa katikati inaongeza 1 na ushei. Pau za aluminiamu zenye gramu 150 zinaongeza 3. Jumla ni kama 16, na nusu yake si mzigo, ni mkono wenyewe. Pau hizohizo zikiwa za chuma, uzito wake unakaribia mara tatu, na jumla inafika karibu 22. Chuma kimeongeza kazi ambayo haina alama hata moja uwanjani.

Kwa hiyo kinachotakiwa kuchaguliwa mwanzo ni urefu na uzito, mota baadaye. Wala wepesi hauna maana ya ulegevu. Bapa likiongezwa unene mara mbili, ukinzani wake wa kupinda unaongezeka mara nane, na ndiyo maana naipenda plaiwudi kuliko watu wanavyodhani: ni nyepesi, kwa hiyo unaweza kuifanya nene bila kujuta. Bapa la aluminiamu nalo lisimamishwe kwa ubavu, lisilazwe. Yafungwe mawili sambamba, katikati viwekwe vipande vya kuyatenganisha, na mkono hautayumba. Akriliki inapendeza machoni, lakini hupasuka kuanzia kwenye tundu la skrubu. Plastiki ya PLA inayochapwa kwa printa huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi, na mota ya hatua, ile inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo, ikishikilia mzigo muda mrefu hufika huko bila shida. Utaona tundu la skrubu limegeuka yai, gia zimeachana, na vijana wanalaumu programu.

Sasa mota. Servo ya MG996R, ambayo naiona kwenye mikono mingi, huandikwa kilo-sentimita 9.4 kwa volti 4.8 na 11 kwa volti 6. Hicho ni kipimo cha mota iliyokwama, ikisukuma kwa nguvu zake za mwisho bila kuzunguka. Kufanyia kazi, mimi huhesabu theluthi yake, nikizidi sana nusu. Ukiifunga peke yake kwenye bega la mfano wetu, itatetemeka kidogo, itapata moto, kisha meno ya gia yataanza kuliwa.

Wengi hapo hukimbilia servo kubwa zaidi. Mimi nawaambia vijana wafunge springi begani ibebe uzito wa mkono, ili mota ibaki na mzigo tu. Katika hesabu yetu, 16 inarudi karibu na 8. Mota ya kiwiko nayo ikiweza ishushwe chini kwenye kitako, nguvu zipelekwe juu kwa mkanda wenye meno. Mota ya hatua, kwa uzito wake, mahali pake ni huko huko chini. Ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja na ni sahihi sana, lakini ikiruka hatua haitambui. Mota ya wipa ya gari iliyotupwa isidharauliwe pia. Gia yake ya parafujo huufanya mkono ubaki ulipo hata umeme ukikatwa, ingawa itabidi uongeze kipimo cha pembe, maana yenyewe haijui iko wapi.

Umeme wa servo usitoke kwenye ubao wa Arduino, ule ubao mdogo wa elektroniki unaoongoza roboti. Servo niliyoitaja ikikwama inavuta ampea 2.5, ubao unajizima na kuwaka upya katikati ya mchezo. Iwe na betri yake, nyaya hasi ziunganishwe pamoja.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mtakapochapa tena nguvu ya mota yoyote, pembeni ya tarakimu andikeni ni kwa volti ngapi, na kama ni ya mota iliyokwama au inayozunguka. Vijana hukata kurasa hizo na kwenda nazo dukani.

Fundi wa mashine na mlezi wa klabu ya roboti