Faundesheni ya asili iliniwasha uso, na harusi ya mdogo wangu imekaribia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Nina pumu ya ngozi tangu utotoni. Sasa hivi inanishika kwenye kope na shingoni, na kila ikipoa huniachia mabaka meusi mashavuni. Siku za kawaida najipaka mafuta ya mgando tu, sina neno. Lakini mfungo mosi mdogo wangu anaolewa, nami ndiye nitakayekaa ubavuni pake. Natamani, kwa siku hiyo moja, uso wangu uonekane rangi moja.

Miezi miwili iliyopita nilinunua kikopo cha faundesheni ya krimu. Kina picha ya jani na kimeandikwa ni cha asili, na muuzaji aliniapia hakina kemikali. Nilijipaka asubuhi nikienda shughulini. Adhuhuri haijafika uso ukawa unawaka, na usiku kope zilivimba hata macho hayafunguki sawasawa. Siku nne sikutoka nje.

Daktari wa ngozi aliomba nimletee boksi lake. Akapigia mstari neno 'parfum', yaani manukato, kisha limonini na linaloli, ambavyo ni viambato vya harufu, kisha mafuta ya lavenda. Akanieleza kwamba hivyo vyote vinaweza kutoka kwenye mimea kabisa, maganda ya machungwa na maua, na bado vikaiwasha ngozi kama yangu. Shangazi, hapo nilihisi nimedanganywa, maana lile neno "asili" ndilo nililolipia.

Alinishauri nitafute isiyotiwa manukato ya aina yoyote, yenye orodha fupi ya viambato, na rangi yake itokane na oksidi za chuma. Tena nisianze na uso: nipake kidogo ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba.

Nimezunguka maduka nikabaki na mbili. Moja ina oksidi ya zinki nyingi. Kiwikoni haikuniwasha hata kidogo, ila mimi ni mweusi wa kukolea, na usoni inaniacha kama niliyejipaka majivu. Ya pili ni ya siagi ya shea, nta ya nyuki na mafuta ya nyonyo, boksi linasema haina maji wala manukato, na rangi iliyoonyeshwa juu yake inalingana hasa na yangu. Lakini naona itakuwa nzito, joto la huku unalijua, na bei ni Sh 65,000. Muuzaji hakubali kuifungua nijaribu, na nikishainunua hairudishwi.

Nyumbani nako kila mtu ana lake. Mama ananisagia liwa. Liwa imenilea na naipenda, ila haifichi mabaka, na siku hizi harufu yake peke yake inanitia wasiwasi. Jirani aliniletea krimu ya kung'arisha isiyo na jina wala tarehe, nikamrudishia. Nchini kwetu vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, vinavyotiwa kung'arisha ngozi, vimepigwa marufuku, na kopo lisilo na maandishi siwezi kulijua lina nini. Mpambaji aliyekwisha kulipwa anasema atanichanganyia zake, kwa sponji ile ile anayopakia wote.

Kinachoniuma zaidi ni mdogo wangu. Amesema nikijipamba mwenyewe nitaonekana tofauti na wenzangu na picha zitaharibika. Sikumjibu, nilikwenda chumbani nikalia.

Zimebaki wiki tano. Je, ninunue hiyo ya shea na nta, nianze kuijaribu kiwikoni leo? Kuna namna ya kuifanya isiyeyuke bila kupaka poda yenye harufu juu yake? Au ile ya zinki inaweza kuongezwa rangi ikanifaa? Na huyu mdogo wangu nimwambieje, aelewe kwamba sikatai kupendeza naye, naogopa kuvimba siku yake?

Nasubiri jibu lako, Shangazi.

Dada wa bibi harusi, Tanga