Tusikimbilie kukwangua michoro ya mashine za kale za michezo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala iliyowashauri wasomaji wanaofufua makabati ya kale ya michezo ya arkedi, yaani mashine kubwa za michezo ya video zilizochezwa kwa sarafu, waanze kwa kuondoa michoro yote ya ubavuni, wapige msasa mpaka mbao zibaki tupu, kisha wapake rangi upya. Sina shaka kwamba mwandishi alikusudia mema. Hata hivyo, ushauri wake unaitanguliza hatua iliyostahili kufikiriwa baada ya nyingine zote, kwa sababu kabati lililochakaa linaweza kusubiri mwaka mwingine bila kudhurika sana, lakini mchoro uliokwisha kukwanguliwa haurudi.

Jambo la kwanza ni kujua mchoro huo uliwekwaje, maana watengenezaji hawakutumia njia moja. Kabati la Pac-Man ambalo kampuni ya Midway ililiuza Marekani kuanzia mwaka 1980 lilipakwa rangi ya manjano, na picha za ubavuni zikapuliziwa juu yake kwa stensili (kiolezo kilichokatwa matundu ya umbo la picha), rangi moja baada ya nyingine. Asteroids ya Atari, iliyotoka mwaka 1979, ilibandikwa stika. Wengine walichapa michoro yao kwa skrini ya kitambaa moja kwa moja juu ya ubao uliokwisha kupakwa rangi. Ukipitisha kidole taratibu pembezoni mwa picha utahisi ukingo wa stika, ilhali rangi ya stensili huacha tuta jembamba tu mahali rangi mbili zinapokutana. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitakachofuata, kwani joto linalolegeza gundi ya stika halina faida yoyote kwa rangi iliyoshikamana na ubao, na dawa inayofaa kwa rangi inaweza kuiharibu stika ambayo ilihitaji kusafishwa tu.

Jambo la pili, ambalo makala haikuligusa kabisa, ni makabati yaliyopakwa rangi juu ya michoro yake. Katika miaka ya 1980 wafanyabiashara walizoea kuuondoa mchezo uliopoteza wateja, wakaweka saketi za mchezo mpya ndani ya kabati lilelile na kulifunika kwa rangi nyeusi. Hata watengenezaji wenyewe walifanya hivyo: mwaka 1981 Nintendo iligeuza mashine zipatazo 2,000 za Radar Scope, zilizokosa wanunuzi Marekani, zikawa Donkey Kong. Kwa hiyo anayekutana na kabati jeusi lisilo na mvuto asidhani kwamba hakuna cha kuokoa. Kama rangi ya juu ni ya maji, mara nyingi pombe ya kusafishia huilainisha bila kuila haraka rangi ya mafuta iliyo chini, na mtu mwenye subira anaweza kuifuta kwa kitambaa, kipande baada ya kipande, mpaka mchoro wa kiwandani ujitokeze. Ajaribu kwanza kwenye kona ya chini upande wa nyuma, kwa sababu wino mwingine wa kuchapia nao huyeyuka kwa pombe. Mchoro unaopatikana kwa njia hiyo huwa na mikwaruzo na mapengo, nami naona una thamani kuliko stika mpya inayong'aa, ingawa najua wengi watanipinga.

Yapo makabati ambayo kweli hayaokoleki: stika imechanika vipande, ubao umevimba kwa unyevu, au mtu aliyetangulia alikwisha kupiga msasa nusu ya picha. Hapo kukwangua ni halali, lakini kutanguliwe na kumbukumbu. Mchoro upigwe picha ukiwa umeelekezewa kamera moja kwa moja, rula ikiwa kando yake. Karatasi inayopenya mwanga ilazwe juu na mistari yote inakiliwe kwa penseli. Na umbali wa picha kutoka kila ukingo wa kabati uandikwe. Rangi halisi isitafutwe katikati ya ubavu, ambako mwanga umeipausha kwa miaka mingi. Itafutwe chini ya ukanda wa plastiki unaozunguka kingo, au pale paneli ya vitufe ilipofunika ubao.

Katika kuondoa stika, hewa ya moto ielekezwe kwenye pembe moja mpaka gundi ilegee, kisha stika ivutwe polepole ikiwa imekunjwa karibu na ubao, huku joto likiitangulia. Skrepa ya plastiki inatosha. Ya chuma huchimba ubao, na ubao wa chembechembe za mbao ukichimbwa humeguka. Gundi inayobaki hutoka kwa tapentaini ya madini, na hapa maji yasitumike kwa wingi, kwani ubao wa aina hiyo ukiyanywa hufura na haurudii unene wake.

Kuhusu dawa kali za kuondoa rangi, naomba niwe mkali kidogo. Zile zenye kemikali ya dikloromethani hutoa mvuke uliokwisha kuua watu waliofanya kazi katika vyumba visivyopitisha hewa, na mwaka 2019 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilipiga marufuku kuziuza kwa watumiaji wa kawaida. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Vumbi la rangi kuukuu nalo linaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo rangi ipimwe kabla ya msasa kuanza.

Baada ya hapo kazi ni ya kawaida ya fundi wa mbao: mashimo yajazwe, ubao upigwe msasa namba 120 kisha 220, praima ipakwe, na rangi iwekwe kwa tabaka nyembamba. Kingo zilizokatwa hunyonya rangi kuliko uso wa ubao, kwa hiyo zihitaji praima zaidi. Wengi huharibu kazi nzuri kwa kubandika stika mpya kabla rangi haijakauka mpaka ndani. Hewa ya vimumunyisho inayoendelea kutoka huinua stika na kuacha malengelenge. Kioo chenye jina la mchezo kisiguswe kwa dawa yoyote upande wa nyuma, kwani rangi yake iko huko na hubanduka kwa urahisi. Skrini ya kichogo, ambayo ikiwa ya rangi huendeshwa kwa volti zinazokaribia au kupita 20,000 na huweza kuhifadhi chaji hata baada ya umeme kukatwa, iondolewe na anayejua kuitoa chaji.

Ningependa gazeti lako lichapishe pia neno kwa wauzaji. Kabati lililovaa michoro mipya lisiuzwe kana kwamba ni la kiwandani. Mnunuzi aelezwe kilichobadilishwa, na picha za hali ya awali zibandikwe ndani ya mlango wa nyuma, pamoja na tarehe ya kazi na aina ya rangi iliyotumika, ili fundi atakayelifungua baadaye ajue alichokikuta mwenzake.

Msomaji wako,
Mkarabati wa mashine za kale