Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: Kalavati halikaguliwi dirishani

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Nauza samaki wa kukaanga kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi, wilayani Kilwa. Hatua kama 30 kutoka bandani kwangu kuna kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Nashinda nalitazama, kwa hiyo nalijua kuliko anayelipwa kulijua.

Kabla ya mvua alikuja mkaguzi wa kampuni iliyopewa kazi ya kulikagua. Akashusha kioo cha pikapu, akapiga picha mbili, akanunua vibua vya 3,000, akaondoka. Kutoka barabarani kalavati linapendeza: limepakwa chokaa, nyasi zimefyekwa. Teremka sasa upande yanakoingilia maji. Mchanga umejaa hadi nusu ya bomba, na juu yake makumbi ya nazi, chupa za plastiki na kandambili moja ambayo naifahamu, ni ya mwanangu.

Maji yakikosa njia hayarudi yalikotoka. Husimama nyuma ya tuta la udongo lililobeba barabara, yakililowanisha, mwisho hupanda juu ya lami na kulila bega la barabara upande wa pili. Chini kunabaki shimo, juu lami inaning'inia kama ulimi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara hii ilikatika Somanga na kwingineko, mabasi yakalala njiani. Sisemi kimbunga kile kingezuiwa kwa koleo. Lakini mvua za kawaida nazo zinatukata, na hizo koleo linaziweza.

Kampuni binafsi kukagua si tatizo. Serikali haiwezi kuweka mhandisi kila kilometa. Shida ni kwamba mkaguzi analipwa kwa ripoti, na ripoti inaandikika hata kama viatu ni vikavu. Pesa yenyewe ni yetu: tozo ya Mfuko wa Barabara imo katika kila lita ya mafuta, hata anayotia bodaboda anayeniletea samaki.

Naomba hati ya malipo isisainiwe mpaka mkaguzi awe amemwonyesha mwenyekiti wa kijiji midomo yote miwili ya kila bomba. Na ukaguzi mmoja ufanyike mvua ikinyesha, maji yenyewe yaseme yanapita wapi. Kiangazi kila mtaro ni mzima.

Huyo kijana wa pikapu akirudi, vibua nitampa bure. Ila ateremke kwanza.

Mama muuza samaki, Kilwa